Msichana Aliyekata Ndimi za Samaki

Mimi ni mtu wa wivu. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa njiani. Wako wanaoficha, wanacheka kwa meno huku roho inawaungua. Mimi nikiwa na wivu, hata jirani wa ghorofa ya chini anajua. Juma lililopita niliingia duka moja pale Chaussée de Wavre kununua unga wa bukari, ugali wetu, na mlango ulipofunguka tu harufu ikanipiga usoni: makayabu, samaki wa chumvi, wamepangwa katonini karibu na mizani, weupe, mikia imekakamaa. Mwenye duka akaniona nimesimama. "Maman, kamata hii, ni ya Norvège, ya muzuri kabisa." Nikamjibu kwa ukali kwamba najua inatoka wapi. Mama wa watu hakustahili jibu lile. Nikalipa unga wangu, nikatoka, na nyumbani nikakaa kitini bila kuvua koti. Tangu Papa atutoke, harufu hiyo hunirudisha kwa msichana mmoja niliyemchukia kabla sijamtia machoni.

Ninyi wa rika langu mliokulia hapa Brussels mnayajua maisha yenyewe. Tulikaa Koekelberg, juu, na dirisha la jikoni lilitazamana na kuba la kijani la Basilika. Maman alikuwa anasafisha ofisi kwenye yale majumba marefu ya karibu na Gare du Nord. Aliondoka tungali tumelala na kurudi ananuka sabuni. Papa alikuwa amefanya kila kazi ambayo mji huu humpa mtu aliyetoka Lubumbashi na diploma yake mkobani: amebeba mizigo, amelinda magari, ameosha vyombo. Halafu rafiki yake mmoja akamwambia kuna mji mdogo wa wavuvi, juu kabisa Norvège, nchi ya Norwe, ambako wakati wa baridi samaki huja kwa wingi hata mikono ya wenyeji haitoshi. Papa akaenda. Tangu hapo, kila mwaka Bonana, yaani mwaka mpya, ikishapita, alishusha begi lake kutoka juu ya kabati na kuondoka, akarudi miti ya mbele ya Basilika ikiwa imetoa maua.

Jumapili baada ya misa alipiga simu. Maman aliiweka mezani, sauti ikiwa wazi, kando ya sombe, majani ya muhogo yanayongoja kutwangwa, na sisi wawili tukasikiliza. Papa alikuwa fundi wa kusimulia. Alituambia nyumba za mji ule zimesimama juu ya nguzo, maji yanapita chini ya sakafu. Alituambia zamani wanaume walikuja kule wakipiga makasia kutoka mbali sana, wakalala wengi kwenye kibanda kimoja chekundu, sufuria moja, jiko moja, nguo zao zikikauka juu ya vichwa vyao. Na huko walikotoka wake zao walibaki na ng'ombe, na mashamba, na watoto, na kanisa, mpaka ikawa mwanamume akirudi nyumbani anauliza chumvi inakaa wapi. Siku hizi vijana wamehamia kusini kutafuta maisha, ndiyo maana kiwanda kimejaa watu wa Poland na Lithuania, na Papa wetu, Mwafrika peke yake. Samaki wengine walifungwa mkia kwa mkia na kutundikwa nje kwenye vichanja vya miti virefu kuliko nyumba, wakaushwe na upepo. Wengine walilazwa kwenye chumvi, na hao ndio makayabu wetu. Ndege weupe walitaga kwenye vizingiti vya madirisha na hakuna aliyewafukuza. Na kuna majuma, alisema, ambayo jua halichomozi kabisa. Siku likirudi, watoto wanaachiwa shule, wanapanda mlimani kuliangalia, na wanakula mikate ya sukari.

"Na mvua ikinyesha siku hiyo?" niliuliza.

"Banakula mikate vilevile, Mama," Papa alisema.

Aliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Hilo lishikeni, kwa maana baadaye nililihesabu kama mali yangu.

Hadithi hizo nilizipenda kuliko katuni. Nilikuwa naulalia mji ule na kuamka nao. Kisha Jumapili moja Papa akaiharibu furaha yangu kwa sentensi chache.

"Mama, huku kuko kintu moya utashangaa. Kukata ndimi ya samaki ni kazi ya batoto. Paka batoto, batoto tu! Mukubwa hawezi kugusa. Tangu zamani njo vile. Samaki akisha kukatwa kichwa, batoto banatoka ku masomo, banavaa plastiki, banakamata kisu. Banauza beye benyewe. Na Marit eko wa kwanza ya bote. Miaka yake sawa na yako! Ungeona mukono yake. Tchak, tchak, hata haangalie kisu."

"Marit ni nani?" nikauliza.

"Mujukuu ya ule mumama mwenyi nyumba mule minalala. Mutoto wa akili, wa kazi. Mi minamupatia vichwa, yeye anakata. Tunasikilizana sana."

Maman akacheka, akasema watoto wa huko wanafunzwa vizuri. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na Maman alikuwa haniruhusu kumenya hata kiazi, eti nitajikata. Na sasa yuko msichana wa umri wangu, kwenye mji wangu wa hadithi, anapewa vichwa vya samaki na baba yangu, na wanasikilizana sana. Roho iliniuma, jamani. Niliinuka mezani nikaenda kujifungia chooni.

Siku chache baadaye Maman alinikuta jikoni nimekishika kichwa cha tilapia aliyekuwa amemnunua kwa ajili ya jioni, vidole vyangu viwili vimo ndani ya kinywa chake, na kisu cha mkate mkononi.

"We mutoto! Unatafuta nini mu kinywa ya samaki?"

"Ulimi."

"Ulimi ya nini?"

"Nataka kuukata. Marit anakata."

Maman akaninyang'anya kisu. Akanitazama kwa muda, kisha akaanza kucheka mpaka akaegemea friji. Tilapia, kama hamjawahi kumchunguza, hana ulimi wa maana. Nilikuwa nimechana kinywa chote na sikupata kitu cha kumwonyesha Papa.

Basi ndipo akaingia Tantine Clarisse, mdogo wake Maman, mtu wa saluni, mtu wa maneno. Jumamosi alikuja kunisuka, na huku kichwa changu kimebanwa magotini mwake alimpa Maman habari za mji mzima. Siku moja akamwambia dada yake, kama mzaha, "Yaya, mwanaume mwenyi kwenda kila mwaka fasi moya, mwezi ileile, mi ningechunga. Ile Norvège isigeuke deuxième bureau."

"Clarisse, mudomo yako itakuletea mambo," Maman akajibu.

"Mi nasema tu."

Mtoto yeyote aliyesukwa Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa mjini, anajua deuxième bureau ni nini: ni mwanamke wa pembeni, mwenye nyumba yake na watoto wake, ambako baba huenda akisema yuko kazini. Maman alilichukua neno lile kama utani. Mimi nililimeza, likakaa.

Papa aliporudi majira yale alileta samaki, alileta mafuta ya ini yanayonuka, na alileta picha. Maman akaibandika kwenye friji. Papa amesimama mbele ya vichanja vya samaki, amecheka, pua nyekundu. Kando yake msichana mwenye nywele nyeupe kabisa, amepanda juu ya sanduku ili afike mezani, aproni ya plastiki imesukumwa pembeni. Na wote wawili wamevaa sweta moja. Nasema moja kwa maana ya rangi na mchoro: buluu iliyokolea, na nyota nyeupe zimezunguka kifua.

Nisikilizeni vizuri, kwa kuwa mtu asiye wa kwetu atauliza sweta ina kosa gani. Kwetu, harusi ikifika, jamaa ya bibi harusi wanakata kitenge cha aina moja, jamaa ya bwana harusi aina yao. Kwenye msiba vilevile. Mgeni akiingia ukumbini haulizi nani ni nani, anatazama nguo. Waliovaa kitambaa kimoja ni wa nyumba moja. Hivyo ndivyo nilivyojua shangazi zangu tangu sijui kusoma. Sasa niambieni, mtoto wa malezi hayo akimwona baba yake na mtoto mwingine wamevaa sare, aelewe nini? Nilielewa kwamba Tantine hakuwa anatania. Baba yangu alikuwa na nyumba nyingine, na nyumba hiyo ilikuwa imemkatia nguo.

"Maman, ile sweta Papa alipewa na nani?"

"Na ule mumama. Baridi ya kule inaua muntu, alikwenda na kakoti ya Brussels."

"Na Marit eko nayo sawasawa."

"Eee, si mumama uyo uyo anafuma?" Akaendelea kukoroga chungu. Nilimwonea huruma mama yangu, maskini, anakoroga chungu na picha iko mgongoni mwake.

Kuanzia hapo nilikuwa na hofu moja tu: mwaka mmoja Papa ataenda na hatarudi. Nilimchunga. Akivaa sweta ile kwenda dukani, nilikataa kufuatana naye. Akimtaja Marit, nilitaja jambo langu: nimepata alama nzuri, nimeimba kanisani, jino limeng'oka. Bonana ilipofika na begi likashushwa kutoka juu ya kabati, nilikaa juu yake.

"Usiende."

"Mama, samaki hangojei muntu."

"Marit atapatia muntu mwingine vichwa."

"Si yeye ananipatia, ni mi minamupatia," Papa akasema, akicheka, akaninyanyua kutoka juu ya begi. Aliondoka. Na Jumapili ya kwanza, kwenye simu, nyuma ya sauti yake, nilisikia mtoto anacheka. Kicheko chenyewe, wazi, jikoni mwa watu, mahali ambapo baba yangu alikuwa amekaa. Nilimwambia Maman tumbo linaniuma.

Kiangazi kilichofuata Papa alitukalisha mezani na kutangaza kwamba Marit na bibi yake watakuja kututembelea. "Bamenilisha miaka tatu," alisema. "Na siye tubalishe." Maman alifurahi kuliko siku ya ubatizo. Alifua mapazia. Alisugua ngazi mpaka jirani akauliza kama tunahama. Tantine Clarisse alinyanyua nyusi na kusema, haya, mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka kuona sinema. Na kitanda changu, kitanda changu mwenyewe chenye shuka la vipepeo, kikapewa Marit. Mimi nilitandikiwa godoro chini. Nilivimba mashavu kwa juma zima na hakuna aliyeniuliza nina nini.

Tuliwapokea Gare du Nord, wametoka uwanja wa ndege kwa treni. Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye viatu vya mlimani katikati ya joto. Papa alisema kwao anaitwa Besta, na sisi tukamwita hivyo. Nyuma yake Marit. Alikuwa mrefu kuliko picha, mikono yake imejaa makovu madogo meupe. Alipomwona Papa aliangusha begi lake palepale jukwaani, akakimbia, na akapiga kelele: "Déo!"

Déo. Jina la Papa, tupu! Tantine akashika kifua, "Yesu!" Hata yule mama wa Kongo aliyekuwa anapita na sanduku lake aligeuka kutazama ni mtoto gani asiye na adabu. Mimi? Mimi nilishikwa na furaha. Hamwiti Papa! Mtoto hamwiti baba yake Déo, kama anamwita mwenzake wa mpira. Kwa hiyo hakuwa na haki. Neno lilikuwa langu peke yangu, na nililitumia njia nzima mpaka nyumbani: Papa, tazama tramu; Papa, nina kiu; Papa, nishike mkono. Baadaye sana nilijua kwamba kwao watoto wanawaita wakubwa wote kwa majina, hata mwalimu, hata padri wao. Siku ile sikujua, na sikutaka kujua.

Mezani Maman alikuwa ameweka bukari, sombe, na makayabu aliyemloweka tangu juzi, amepikwa na nyanya, vitunguu na mafuta ya mawese. Besta alionja. Akaonja tena. Akamuuliza Papa kwa lugha yao hii ni nyama gani. Papa akamwambia ni samaki wa mji wake mwenyewe, kiwanda chake mwenyewe, labda yeye Papa ndiye aliyemtia chumvi. Besta akatazama sahani, akacheka mpaka machozi, akasema kwao samaki huyu hajawahi kuvaa nguo nyekundu. Maman alimwongezea papo hapo. Hata mimi nilicheka, kwa sababu nilikuwa na moyo mweupe jioni ile, mtu aliyeshinda.

Halafu Marit akataka maji. Akasema, "Déo," na kitu kingine, akanyoosha kidole kwenye jagi.

Maman aliweka kijiko chini. "Mwambie," alimwambia Papa, kwa upole kabisa. "Huku kwetu mutoto haite mukubwa jina tupu, hata akimupenda namna gani. Anasema Papa Déo."

"Chantal, wacha," Papa alisema.

"Namna gani wacha? Eko mu nyumba yangu, ni mutoto yangu, namufundisha. Kesho tunaenda ku misa, bantu batasema nini? Mwambie."

Nilitaka kumziba Maman mdomo kwa mkono. Eleweni alichonifanyia! Neno nililolilinda miaka yote ile, yeye aligawa kwa ajili ya adabu, kama anavyogawa viti wageni wakizidi. Papa akamtafsiria Marit, polepole, macho yakiwa mezani.

Marit aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtoto mtiifu, hilo siwezi kumnyima. Akamgeukia Papa. Midomo yake ikafunga kwa ajili ya neno, ikabaki imefunga. Akajaribu tena. Uso wake ukawa mwekundu, akainuka, akapita nyuma ya kiti cha Tantine, akafungua mlango na kwenda ngazini.

Besta alikunjua kitambaa chake cha mezani, akakikunja, akaanza kusema. Papa alitafsiri kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Alisema mwanawe Besta, baba yake Marit, alikuwa mvuvi wa mashua ndogo. Majira moja ya baridi alikwenda peke yake asubuhi, kama siku zote, na mchana wakaikuta mashua inazunguka yenyewe, injini inanguruma, samaki wamo, mtu hayumo. Hawakumpata. Mji ule una jiwe gatini lenye majina ya waliochukuliwa na bahari, majina ya zamani na majina mapya, na jina lake liko chini kabisa. Sweta zile Besta alizifuma mwaka mmoja, moja ya mwanawe na moja ya mjukuu. Papa alipofika na kakoti kake, anatetemeka mlangoni, Besta alitoa sweta ya marehemu kabatini akamvisha, kwa sababu kwao kitu cha joto hakikai bure wakati mtu anaumwa na baridi. Na neno la kumwita baba, kwa lugha yao, ni hilohilo letu. Papa. Marit hakulitamka tena tangu siku ile.

Maman alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Yesu wangu, mi nimefanya nini." Tantine Clarisse akaanza kukusanya sahani ambazo watu hawajamaliza.

Mimi nilikuwa na swali. "Papa," nikasema, mbele ya wote, "weye ni papa yake?"

Alinitazama, na nadhani ndipo alipoelewa habari ya kukaa juu ya begi, na tumbo la Jumapili, na tilapia.

"Hapana, Mama. Mi ni papa yako. Ule mutoto, mwaka ya kwanza, hakunisemesha hata kidogo. Nikiingia jikoni, anatoka. Nikimupatia kichwa ya samaki, anangoja mi niiweke chini. Kwa macho yake, mi nilikuwa nimemuvaa papa yake."

Basi. Marit alikuwa amemwonea wivu baba yangu, kwa ajili ya sweta. Alikuwa amekaa mezani na mtu mgeni aliyevaa nguo ya baba yake, anakunywa kahawa ya bibi yake, na hakuna aliyemuuliza ana nini. Nililielewa jambo hilo mara moja, kuliko mtu yeyote pale mezani, maana nilikuwa hodari wa jambo hilo.

Nilitoka nikaenda ngazini. Alikuwa amekaa kidato cha juu, na taa, ile ya kuzimika yenyewe, ilikuwa imezimika. Nikabonyeza kitufe, nikakaa, nikiacha nafasi kati yetu. Tulikuwa na Kiingereza cha shule, chake kizuri, changu cha kuokoteza, na ndicho tulichotumia.

"Mama yako amekasirika?" aliuliza.

"Hapana. Analia."

Tukakaa. Sasa watu wazima hudhani ukishamwelewa mtu wivu unakwisha. Wapi! Nilimhurumia kwa moyo wangu wote, na bado nilimwona mwizi. Yote mawili yalikaa ndani yangu bila kusukumana. Taa ikazimika, akanyoosha mkono yeye akaiwasha.

"Unaweza kumwita," nikasema mwishowe. "Lakini sikiliza. Mimi namwita Papa. Wewe sema Papa Déo. Maneno yote mawili. Usikate la mwisho."

Alifikiri. Hakukasirika wala hakucheka. Baadaye Papa aliniambia kwamba kule kwenye kazi ya ndimi watoto wana sheria zao kali, nani anasimama meza ipi, nani anachukua vichwa vya mashua ipi, na ukishakubali hujadili tena.

"Déo mwishoni," alisema.

"Siku zote."

"Hata nikiwa mkubwa?"

"Hata ukiwa mzee."

Akanipa mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama cha fundi, na tukashikana kama watu wanaouziana ng'ombe. Tulirudi ndani. Maman alimkumbatia mpaka akamzamisha, na alipotoka kifuani pale, nywele zimevurugika, akamgeukia Papa akasema, polepole, kila kipande mahali pake: "Papa Déo. Maji, tafadhali." Papa akamimina maji. Akajibu, "Eee, Marit." Niliona kwamba hakumwita Mama. Nikala vizuri.

Alikuja kila kiangazi baada ya hapo, na mimi nilikwenda kwao, nikala mikate ya sukari siku jua liliporudi, nikajifunza kukata ndimi, vibaya. Tuligombana sana. Papa akimsifu nilipiga mlango, akinisifu mimi yeye alikwenda kupasua kuni. Besta alifariki, Papa akazeeka, mgongo ukamzuia kwenda tena, Marit akawa nahodha wa mashua yake mwenyewe. Alimpigia Papa simu kila Jumapili, na sikuwahi hata mara moja, nawaapia, kumsikia akivunja mapatano yetu. Papa Déo, unaendeleaje. Papa Déo, umekula. Mwanamke mzima, sauti ya upepo na sigara, na neno la pili halikukosa.

Asubuhi Papa alipokata roho, hospitalini hapa Brussels, Maman hakuweza kushika simu, Tantine alikuwa anapiga kelele koridoni, kwa hiyo nikapiga mimi. Marit alikuwa baharini. Nilisikia injini, kisha akaizima ili anisikie vizuri. Nikamwambia. Nikasikia maji yanapiga mashua.

Kisha akasema, "Papa."

Nikangoja. Nilishika simu kwa mikono miwili na kungoja kipande cha pili, kwa mazoea. Nikamsikia analia, anavuta pumzi, na analisema tena, fupi vilevile.

"Ndiyo," nikamwambia. "Papa."

Halafu nikamweleza kwamba misa ni Jumamosi saa nne, aje mapema, atakaa na mimi mstari wa mbele.